Pedi, kondomu ya mkojo, kibanio au kisu tena? Kwa mwanaume anayevuja baada ya kutolewa tezi dume

"Shikamoo babu. Pedi hizi ni za mgonjwa wa kike au wa kiume?"

"Marahaba mjukuu wangu. Mgonjwa mwenyewe ni mimi."

Binti wa duka la dawa akainamisha macho, akaanza kupanga risiti ambazo zilikwisha kupangwa. Nadhani aliona haya kuliko mimi. Wakati huo nilikuwa na miezi mitano tangu nitolewe tezi dume kwa sababu ya saratani, na miezi yote hiyo nilikuwa najisitiri kwa vipande vya khanga kuukuu za mke wangu. Barazani nilikuwa siendi. Wenzangu nikawaambia daktari kanikataza jua.

Sasa natembea mwaka wa nne na bado navuja. Nimejaribu karibu kila kinachopatikana hapa Tanga na vichache nilivyoletewa na mwanangu kutoka Dar. Nisivyovijaribu nimeviulizia kwa madaktari na kwa wazee wenzangu wa kliniki. Jambo nililochelewa kulijua ni kwamba nilikuwa nauliza swali baya. Nilikuwa nauliza kifaa gani ni bora, kumbe nilitakiwa kujiuliza navuja saa ngapi, nikifanya nini, na kiasi gani.

Kwanza pima

Tafuta mzani mdogo wa jikoni. Pima pedi ikiwa kavu, andika. Ukiivua itie kwenye mfuko, pima tena, toa ya kwanza. Gramu moja iliyozidi ni mililita moja ya mkojo. Jumlisha za saa 24, na ufanye hivyo siku tatu, maana siku moja hudanganya. Chini ya gramu 100 kwa siku huhesabiwa kuvuja kidogo, na zaidi ya 400 ni kuvuja kwingi. Mimi nilianza kwa mzani wa maandazi wa mke wangu. Alipogundua akanikabidhi moja kwa moja, akanunua mwingine.

Andika na saa. Mimi asubuhi ni mkavu, naweza kwenda sokoni na kurudi. Ikifika saa tisa alasiri bomba linaanza kudondoka, na nikilala usiku kunakauka tena. Wengi wetu tuko hivyo. Tezi dume imekaa chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo kama pete. Ikiondolewa yote, huenda pamoja na misuli ya mlangoni mwa kibofu, na kazi ya kufunga inabaki kwa msuli mmoja wa chini. Msuli huo unachoka kama mguu uliotembea mchana kutwa. Ukilala, uzito wa mkojo unauondokea, nao unapumzika.

Halafu angalia unavyovuja. Ukikohoa, ukipiga chafya, ukinyanyua ndoo au ukiinuka kitini, huo ni udhaifu wa msuli, na sehemu kubwa ya makala hii inakuhusu. Haja ikikushika ghafla na chooni hufiki, kibofu chenyewe ndicho kinachojikaza ovyo. Hiyo ina vidonge vyake, ingawa baadhi yake hukausha mdomo na kufunga choo, na kwa wazee vinaweza kuvuruga akili. Na kama mkojo unatoka kwa taabu, mwembamba kama uzi, kisha unadondoka muda wote huku tumbo la chini limejaa, usinunue chochote. Huenda kovu limeubana mrija, kibofu kimejaa pomoni na kinachovuja ni mafuriko. Nenda hospitali. Ukimbana mtu huyo kwa kibanio unaziharibu figo zake.

Mazoezi: hayashindani na chochote

Siyaweki kwenye ulinganisho kwa sababu hayana bei na kila mtu anatakiwa kuyafanya. Kaza kama unayezuia upepo usitoke mbele ya wakwe. Shikilia hadi sekunde kumi, legeza muda huohuo, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Tumbo na makalio yasikaze, pumzi usiizuie. Usijizoeshe kukata mkojo katikati ukiwa chooni. Unaweza kufanya hivyo mara moja ili uujue msuli wenyewe ulipo, basi. Faida kubwa niliiona nilipojifunza kukaza *kabla* ya kukohoa na kabla ya kuinuka. Tendo hilo dogo pekee liliniondolea pedi moja kwa siku.

Lakini tusidanganyane. Nafuu nyingi hupatikana mwaka wa kwanza. Mwaka wa nne mazoezi yananisaidia nisirudi nyuma.

Khanga, pedi au pampasi

Kitambaa ni rahisi na kinapatikana usiku wa manane. Ubaya wake hakinyonyi na kufungia maji ndani kama pedi, kinabaki kimelowa juu ya ngozi, na harufu inakutangulia. Ukikitumia, kifue kwanza kwa maji baridi, kisha sabuni, tia siki kidogo kwenye maji ya kusuuzia, uanike juani. Mimi nimekibakisha kwa nyumbani, asubuhi zangu kavu.

Pedi za hedhi wanaume wengi huanza nazo kwa sababu ziko kila duka na hakuna anayekuuliza kama unamnunulia binti yako. Zimetengenezwa kwa ajili ya damu, ambayo hutoka taratibu. Mkojo huja kwa mkupuo, unapita pembeni na kukimbilia mapajani. Pedi ya kiume ina umbo la kifuko, pana mbele na nyembamba nyuma, na imewekwa vitu vinavyogeuza mkojo kuwa kama uji mzito. Tofauti utaiona siku ya kwanza. Ila haifanyi kazi ndani ya boksa: vaa chupi ya kubana, na uelekeze kichwa cha uume chini. Nililipia wiki mbili za suruali zilizolowa kabla ya muuguzi mmoja mstaafu kuniambia hilo la kichwa.

Pampasi za watu wazima hubeba mengi zaidi, na hapo ndipo watu hukosea, wanadhani kinachobeba zaidi ndicho bora. Vaa pampasi mwezi Machi hapa Tanga, joto lilivyo, kisha uniambie. Kwa anayevuja gramu 150 kwa siku ni mateso ya bure na vipele juu yake. Kwa anayevuja 500, au anayelowa usiku, ni msaada. Ziko za aina mbili, na hakuna anayekueleza tofauti yake dukani. Ya kuvutia kama chupi inapendeza, lakini ili ubadilishe lazima uvue suruali na viatu. Jaribu kufanya hivyo kwenye choo cha stendi chenye sakafu iliyolowa, huku mtu anagonga mlango. Ya kufunga kwa gundi pembeni ina sura ya hospitali, lakini unaibadilisha umesimama, suruali ikiwa magotini.

Gharama: pedi nne kwa siku ni 120 kwa mwezi na 1,460 kwa mwaka. Chukua bei ya duka lako uzidishe. Mimi nilipozidisha nilikaa kimya, kisha nikaanza kununua kwa katoni na kumalizia asubuhi kwa khanga.

Ngozi osha kwa maji na sabuni laini, ikaushe kwa kugusagusa bila kusugua, kisha krimu ya zinki au mafuta ya mgando, membamba. Ukijipaka kama unayepaka mkate, mafuta yanaziba pedi na mkojo haunyonywi.

Pedi dhidi ya kondomu ya mkojo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hiki ndicho kifaa ambacho wazee wengi hawakijui kabisa.

Ni mpira laini unaovaliwa juu ya uume kama kondomu, ila mwisho wake una mdomo unaoungwa na mrija, na mrija unaingia kwenye mfuko uliofungwa mguuni. Hakuna kinachoingia ndani ya mwili. Mfuko wa mguuni hubeba mililita 500 hadi 750, wa usiku unaotundikwa kitandani hubeba lita 2. Unabadilisha mpira kila baada ya saa 24, unaosha, unakagua ngozi, unavaa mwingine.

Nikisafiri, navaa kanzu na mfuko hauonekani. Basi la Dar likisimama njiani kuchimba dawa, vijana wanakimbilia vichakani, mimi nashuka taratibu, nasogea pembeni, nainua pindo kidogo na kufungua koki kwenye kifundo cha mguu. Nusu dakika nimemaliza. Kwa pedi, safari ileile ingenilazimu kubadilisha mara mbili mahali pasipo na mlango. Na ngozi inabaki kavu kuliko ndani ya pampasi yoyote.

Sasa ubaya. Saizi ndiyo kila kitu: ikizidi inachomoka, ikipungua inabana, kwa hiyo pima kwa karatasi ya vipimo inayokuja nayo. Punguza nywele kwa mkasi, usipake mafuta, vinginevyo gundi haishiki. Usifunge juu yake plasta au uzi usiovutika ukizunguka, maana damu itakatika na hutahisi mpaka paharibike. Zile za kutengeneza nyumbani, kondomu ya kawaida na mpira wa dripu uliofungwa kwa uzi, nimeziona, nami nasema hapana. Anayedhurika na mpira wa kawaida atafute za silikoni. Na kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia kabla ya kisu: upasuaji huu wa tezi dume unaweza kufupisha uume. Mwenye kitambi ambaye uume umejificha atahangaika. Mpira unateleza anapokaa tu. Kwa mtu huyo pedi inashinda bila ubishi.

Tofauti nyingine ni ya ibada. Nilipoanza kuvuja niliacha swala ya jamaa msikitini, nikisema udhu haukai. Sheikh wa mtaani kwetu ndiye aliyenirudisha. Katika madhehebu ya Shafi tunayofuata Pwani, mwenye kutokwa na mkojo mfululizo hujisafisha, akajifunga, akachukua udhu baada ya wakati kuingia, akasali bila kuchelewa. Kwa kila faradhi anarudia. Kinachotoka baada ya hapo amesamehewa. Kwa pedi hilo ni jepesi: nabadilisha, nachukua udhu, nasali. Kwa mfuko wenye mkojo uliofungwa mguuni maswali yanaongezeka, kwa hiyo muulize sheikh wako kabla, usijifutie msikiti peke yako. Mimi Ijumaa ni pedi mpya na kanzu ya rangi ya kahawia. Nyeupe nimezipumzisha.

Kuna utafiti uliochapishwa 2015 ambao wanaume 56, wote wakiwa wamevuja mwaka au zaidi baada ya matibabu ya saratani ya tezi dume, walipewa wajaribu pedi, kondomu ya mkojo, chombo cha mkojo cha kuvaa mwilini na kibanio. Walichosema kinafanana na nilichokigundua kwa shida: pedi kwa siku za kawaida, kondomu kwa safari ndefu, kibanio kwa shughuli fupi yenye purukushani. Wengi walipenda kuchanganya.

Kibanio

Ni kama kibanio cha nguo, chenye sponji ndani, kinachobana uume ili mrija uzibe. Unanunua kimoja na kinadumu, kwa hiyo kwa bei hakina mpinzani. Ukikivaa huvuji, au unavuja tone, hata ukibeba gunia.

Nilikitumia harusi ya mpwa wangu. Nikakaa kwenye mkeka, khutba ikaendelea, pilau likaja, mazungumzo yakanoga, nikasahau. Baada ya saa tatu nilipokifungua chooni palikuwa pameota rangi ya zambarau, na maumivu sitaki kuyaeleza. Tangu siku hiyo naweka kengele ya simu. Kilegezwe kila saa moja au mbili, ukojoe, upumzike. Usilale nacho kamwe. Asiyehisi vizuri huko chini, kwa kisukari au sababu nyingine, asikitumie, wala mzee anayesahau. Anayeshikwa na haja ya ghafla pia hakimfai. Saa moja ya kucheza mpira na wajukuu, sawa. Siku nzima, hapana.

Mpira wa ndani

Familia huupenda. Mgonjwa anawekewa mpira unaoingia mpaka kibofuni, kitanda kikavu, kila mtu analala. Shemeji yangu aliniambia, "Kaka, si uwekewe tu mpira yaishe?" Hayaishi. Bakteria huingia; baada ya mwezi karibu kila mwenye mpira wa ndani ana bakteria kwenye mkojo. Huja mawe, kuziba, kibofu kujikaza na kuvuja pembeni ya mpira wenyewe. Unabadilishwa kwa ratiba: wa kawaida wiki chache, wa silikoni kamili hadi wiki 12. Una mahali pake, kwa aliyezibwa asiyeweza kukojoa, kwa mgonjwa wa kitandani mwenye vidonda, kwa siku za mwisho. Kwa mwanaume anayetembea na kuvuja, mimi nauweka wa mwisho kabisa.

Kisu tena: mkanda au kizibo bandia

Madaktari husubiri, aghalabu miezi 6 hadi 12, ili mwili ufanye unachoweza. Ikipita hapo na bado unavuja kiasi cha kukufungia ndani, uliza. Kosa langu lilikuwa kusubiri kuambiwa. Nilikaa miaka miwili na nusu nikidhani hakuna kitu, kwa sababu kila nilipoenda kliniki tulizungumza kuhusu saratani tu. Kipimo cha PSA, kile cha damu cha kufuatilia saratani ya tezi dume, kiko chini, alhamdulilahi, kwaheri. Mkojo sikuutaja.

Mkanda ni kipande cha wavu unaopitishwa chini ya mrija na kuuinua. Hauna kitu cha kubonyeza; ukiamka umewekwa. Unamfaa ambaye msuli wake bado una nguvu kidogo na anavuja kidogo au wastani. Aliyepigwa mionzi ya nyonga matokeo yake huwa hafifu.

Kizibo bandia, kile kinachotumika zaidi huitwa AMS 800 na kimekuwepo tangu miaka ya themanini, ni cha kuvuja kwingi. Kuna pete ya maji inayozunguka mrija na kuubana, puto dogo tumboni, na pampu ndani ya mfuko wa korodani. Ukitaka kukojoa unaibonyeza pampu mara chache, maji yanaondoka kwenye pete, mlango unafunguka, na baada ya dakika mbili tatu unajifunga wenyewe. Baada ya kuwekewa huachwa kimezimwa kama wiki sita pakipona. Kinahitaji vidole vyenye nguvu na akili inayokumbuka. Kinaweza kupata maambukizi, kula mrija, au kuharibika kama mashine yoyote, na si wachache wanaorudi kufanyiwa tena ndani ya miaka kumi.

Kuna hatari moja ambayo kwetu huku naiona kubwa kuliko zote. Ukilazwa kwa jambo lingine, malaria au ajali, na muuguzi wa zamu akaamua kukuwekea mpira wa mkojo bila kujua kwamba ndani kuna pete, anaweza kuuharibu mrija. Lazima kizimwe kwanza. Mwenye kizibo atembee na kadi mfukoni na nyumba nzima ijue. Na sisi watu wa Tanga, mji wa baiskeli, tujue kwamba kukalia tandiko kwa muda mrefu kunagandamiza palepale pete ilipo.

Nchini Uingereza waliwalinganisha wanaume 380 kwa kura, wengine mkanda, wengine kizibo, majibu yakatolewa 2021. Baada ya mwaka, ukiuliza kwa ukali kama anavuja japo tone, zaidi ya wanane kati ya kumi kila upande walisema ndiyo. Lakini kuvuja kulipungua sana pande zote, madhara makubwa yalikuwa machache kwa waliowekewa mkanda kuliko wa kizibo, na wa kizibo waliridhika zaidi. Ndiyo kusema ukimsikia mtu anakuahidi ukavu wa asilimia mia, mshukuru uondoke.

Sindano za kujaza mrija nimeziulizia pia. Kwa wanaume haziendi mbali; pesa hiyo nunua pedi.

Kwa upande wangu sikupigwa mionzi, na mzani wa jana ulisoma gramu 240. Daktari anasema mkanda unaweza kunifaa, ila kwanza waingize kamera waone kama mrija hauna kovu, na kwamba huenda ikabidi niende India. Mke wangu ameshauliza nauli. Kamera ni Jumanne ya wiki ijayo, saa nne asubuhi. Ni saa zangu kavu. Nitakwenda na khanga.